Umri Upi? Safari ya Kusoma Miamba Kutoka Msasani Hadi Mwanza

Jumatatu, Msasani, Dar es Salaam

Maji yalikuwa yamekupwa tulipofika ufukweni, na ndivyo tulivyotaka. Jiwe la matumbawe la mwambao huu huonekana vizuri bahari ikiwa imerudi nyuma: limechongoka, limejaa matundu, na ukiinama unaona vijumba vya viumbe waliolijenga.

Nimeanzia hapa makusudi. Kazi yangu ni kupima umri wa miamba na kutafuta ilikotoka, na kwa kawaida wanafunzi huwapeleka moja kwa moja kwenye mawe makongwe ya bara. Safari hii nilitaka tuanze na jiwe dogo kwa umri, kisha turudi nyuma kadiri gari linavyokwenda magharibi. Anayetoka pwani ya Tanzania kwenda Ziwa Victoria huyaacha mawe ya maelfu ya miaka na kuishia kwenye mawe ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Njiani mambo hayanyooki hivyo, lakini mwelekeo ni huo.

Tumbawe likiwa hai huchukua uraniamu kutoka kwenye maji ya bahari. Thoriamu huipata kidogo mno, kwa sababu thoriamu haiyeyuki majini. Mifupa yake ya chokaa ikishajengeka, uraniamu huendelea kugeuka polepole na thoriamu-230 hujilimbikiza. Uwiano wa hizo mbili ndio miaka yenyewe. Saa hii inasomeka hadi kama miaka 500,000. Baada ya hapo thoriamu inayozaliwa inalingana na inayopotea, na hakuna tena cha kupima. Matuta mengi ya matumbawe katika pwani ya Afrika Mashariki huhusishwa na kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu ya ilivyo leo kwa mita kadhaa.

Mwanafunzi wangu alivunja kipande akakigeuzageuza kwenye jua. Vijumba vilionekana vizuri, ila ndani yake mlikuwa na chembe zinazometameta. Nikamwambia akiweke chini. Tumbawe hujenga kwa aragonaiti, aina moja ya chokaa. Maji ya mvua yakipenya humo kwa maelfu ya miaka, aragonaiti hugeuka kalsaiti, aina nyingine ya chokaa, na wakati wa kugeuka uraniamu hutoka au huingia. Ukikipeleka kipande kile maabara utaletewa namba, tena yenye desimali, lakini haitakuwa na uhusiano na siku tumbawe lilipoishi. Tulisogea kando ya mwamba mpaka tukapata kipande kikavu, cheupe, kisichometa.

"Kwa hiyo, Dokta, hata tumbawe lina umri zaidi ya mmoja?"

"Limepitiwa na mambo zaidi ya moja. Sisi tunatakiwa tujue tumepima lipi."

Jumanne, Morogoro

Uluguru huanza kujitokeza kabla hujauona mji. Tulipanda kwa mguu hadi kwenye korongo ambako mto umeosha mwamba ukawa safi, tukakaa hapo saa nyingi.

Hii ni miamba geu iliyopikwa makumi ya kilomita chini ya ardhi. Kwenye uso uliooshwa unaona mistari myeupe na myeusi imepindana, na kati yake garneti nyekundu, nyingine kubwa kama punje za mahindi. Garneti nyingi hapo zina ukingo mwembamba wa madini meusi kuzizunguka. Ukingo ule ni kumbukumbu: mwamba ulipopandishwa na shinikizo kupungua, garneti zilianza kuharibika kutoka nje kuelekea ndani. Mtu asiyeangalia kwa lenzi ya mkono hataona lolote, na atakuwa ameikosa nusu ya historia.

Ukanda huu uliitwa Ukanda wa Msumbiji na Arthur Holmes, katika andiko lililochapishwa mwaka 1951. Holmes ni mtu wa kukumbukwa katika kazi yetu. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alitoa mojawapo ya vipimo vya kwanza vya umri wa jiwe kwa kutumia uraniamu na metali ya risasi, jiwe la Norway alilolipatia miaka milioni 370. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria. Miongo minne baadaye alizisoma safu za miamba zinazopita Msumbiji, Tanzania na Kenya, akatambua kuwa ni mfumo mmoja.

Upande wa Uluguru wenyewe, kazi iliyonifungua macho nikiwa bado mwanafunzi ni ile ya Sospeter Muhongo na mwenzake Lenoir ya mwaka 1994. Wengi wanamfahamu Profesa Muhongo kama waziri wa zamani wa nishati na madini. Sisi tunamfahamu kwa zirkoni, chembe ndogo za madini zinazotunza umri wa mwamba: walipima zirkoni za miamba hii wakaonyesha kuwa kupikwa kwake kulitokea wakati mabara yalipokuwa yakigongana kuunda Gondwana, bara kuu la kale. Leo tunazungumzia takriban miaka milioni 640 kwa tukio kuu la upande huu wa mashariki.

Dereva wetu, mzee aliyezunguka na wanajiolojia kuliko mimi, aliuliza kama basi mlima una miaka milioni 640. Swali zuri sana. Hapana, mzee wangu. Mwamba ulipikwa wakati huo, ukiwa chini kabisa. Mlima tunaouona umeinuliwa na nyufa kubwa za ardhi muda mrefu baadaye, na kupima kuinuka kunataka madini mengine, kama apataiti, ambayo huanza kuhesabu muda mwamba unapopoa karibu na uso wa dunia. Jiwe moja, saa mbili, na zote ni za kweli.

Jumatano, Kidodi

Tulipita Mikumi asubuhi, tukakata kushoto kuelekea Kidatu. Chini ya Udzungwa, Kidodi, kuna mabaki ya bonde la Karoo: mawe ya mchanga na matope yaliyotuama kuanzia takriban miaka milioni 300 iliyopita, Gondwana ikiwa bado nzima.

Hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika safari hii, ingawa hakuna mtalii atakayesimama kulipiga picha jiwe la rangi ya kahawia lililochoka. Jiwe la mchanga ni mkusanyiko wa watu wasiojuana. Kila punje imetoka mahali pake, imezaliwa wakati wake, na mto ndio ulioziweka pamoja. Ukiuliza umri wa jiwe lenyewe, yaani siku mchanga ulipotuama, zirkoni hazikujibu moja kwa moja. Zinachosema ni hiki: jiwe haliwezi kuwa kongwe kuliko punje yake changa kuliko zote. Huo ndio mpaka wa juu. Mpaka wa chini unautafuta kwingine, kwa visukuku au kwa mwamba wa moto uliolikata jiwe.

Ila ukiuliza asili, zirkoni zinazungumza sana. Unapima punje mia moja au zaidi kutoka sampuli moja na kuangalia zimejikusanya kwenye umri gani. Fungu la karibu milioni 640 linaelekeza kwenye Ukanda wa Msumbiji. Fungu la bilioni 2 linaelekeza kwenye Usagara, ukanda mwingine wa miamba ya kale. Fungu la bilioni 2.6 hadi 2.7 linaelekeza kwenye Kratoni ya Tanzania, kiini kikongwe cha nchi. Ukiunganisha na mwelekeo wa tabaka zilizolala mshazari, ambazo huonyesha maji yalikuwa yakienda upande gani, unaanza kuuona mto ambao haupo tena.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameshafika mwisho wa hoja kabla yangu: punje ya bilioni 2.7 imetoka kratoni, basi mto ulitoka magharibi. Nilimwomba asubiri hadi kesho kabla ya kuliandika hilo.

Tulichukua kilo tano kutoka tabaka moja. Tulichagua mchanga wa wastani, kwa sababu kwenye matope zirkoni huwa ndogo mno kupimika. Juu ya mfuko tuliandika namba ya sampuli, ndani tukaweka karatasi yenye namba ileile, kwenye daftari tukaandika tena. Wino hufutika na mifuko huchanika. Sampuli isiyojulikana ilikotoka ni kokoto tu.

Alhamisi, kati ya Mikumi na Kitonga

Miamba ya barabarani hapa ni naisi, mistari mistari, na kwa jicho haina tofauti kubwa na tuliyoiona Morogoro. Imepikwa katika tukio lilelile. Lakini wapimaji waliofanya kazi eneo la Mikumi walikuta kuwa sehemu yake ilizaliwa katika enzi ya Akeani, miaka zaidi ya bilioni 2.5 iliyopita. Ni vipande vya ardhi kongwe vilivyonaswa ndani ya ukanda mchanga, vikapikwa upya.

Hilo ndilo jibu la swali la jana. Punje ya bilioni 2.7 katika mchanga wa Kidodi ingeweza kuwa imesafiri kutoka kratoni mbali magharibi, au ingeweza kuwa imeporomoka kutoka kilima cha jirani. Umri peke yake hauzitenganishi. Lazima uangalie punje kwa ndani.

Nieleze kidogo namna tunavyoangalia, maana watu wengi hudhani tunaweka jiwe kwenye mashine na mashine inatema miaka. Jiwe linapondwa, linachekechwa, linaoshwa ili chembe nyepesi ziondoke. Sumaku inavuta zenye chuma. Kinachobaki kinamwagwa kwenye kimiminika kizito ambamo kwatzi na feldispa huelea na zirkoni huzama. Halafu unakaa kwenye hadubini na sindano, unachagua punje moja moja zenye urefu wa kama sehemu ya kumi ya milimita, unazipanga kwenye gundi ngumu, unazisugua hadi zikatike katikati. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kwenye kiti hicho cha hadubini na sijawahi kukichoka.

Kisha punje zinapigwa kwa mkondo wa elektroni, nazo zinang'aa. Hapo unaona mambo. Punje ya naisi kama hii huwa na kiini chenye mistari myembamba sambamba, alama ya kukua ndani ya magma iliyoyeyuka, na kuzunguka kiini hicho kuna ganda lisilo na mistari, lililoota wakati mwamba ulipopikwa. Leza yenye upana wa kama mikroni 30 inaelekezwa kwenye kiini, kisha kwenye ganda. Kiini kinatoa bilioni 2.7, ganda linatoa milioni mia sita na kitu. Ukipiga mpaka wa viwili hivyo kwa bahati mbaya, utapata umri wa katikati ambao haukuwahi kutokea popote.

Zirkoni inaaminika kwa sababu inapokua hukubali uraniamu na hukataa risasi. Risasi yote unayoikuta ndani, karibu yote, imezaliwa humohumo. Tena kuna saa mbili katika punje moja: uraniamu-238 hugeuka kuwa risasi-206, na nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47, uraniamu-235 hugeuka kuwa risasi-207, na nusu yake huisha kwa miaka milioni 704. Zikikubaliana, una haki ya kuamini. Zikipingana, punje imepoteza risasi mahali fulani njiani, na hilo nalo ni habari.

Ganda lile ndilo litakalosaidia Kidodi. Punje ya bilioni 2.7 yenye ganda la milioni 640 imepitia moto wa Ukanda wa Msumbiji. Isiyo na ganda huenda imetoka kratoni kwenyewe. Nasema huenda, kwa sababu punje nyingine hupikwa bila kuota ganda.

Jioni tulipanda Kitonga nyuma ya malori. Iringa tulifika usiku.

Ijumaa, Isimani

Joto kali. Tuliacha barabara ya Dodoma tukaingia porini na mwenyeji wa eneo hilo, na tukatembea sana kuliko nilivyopanga.

Tulichokitafuta ni eklojaiti. Mwaka 1995 Möller na wenzake walichapisha kuhusu eklojaiti za ukanda wa Usagara zenye umri wa takriban miaka bilioni 2, na kemia yake inafanana na basalti ya sakafu ya bahari. Kwa maneno mengine, hapa katikati ya Tanzania, palipo pakavu namna hii, kuna kipande cha sakafu ya bahari kilichosukumwa chini ya bara, kikashinikizwa, kisha kikarudi juu. Ni miongoni mwa mawe makongwe ya aina hii yanayojulikana duniani. Wanaobishana kuhusu lini mabamba ya dunia yalianza kuzama kama yanavyozama leo hawawezi kupita bila kutaja Isimani.

Kiganja kililitambua kabla ya jicho. Mwanafunzi wangu aliokota jiwe lisilozidi ngumi akasema, "Hili zito." Eklojaiti ina uzito wa karibu mara tatu na nusu ya maji ya ujazo uleule, wakati itale ina karibu mara 2.7. Tulilivunja. Ndani kulikuwa na garneti nyekundu zimetawanyika kwenye kijani, na kila garneti ilikuwa na mkufu mweusi wa amfiboli, kama zile za Uluguru zilivyokuwa na ukingo wake. Jiwe lilikuwa limeanza kusahau kina lilikotoka, lakini halijamaliza.

Nilikaa na kipande kile muda mrefu. Miaka yote hii bado napatwa na kitu kifuani nikishika jiwe ambalo nalijua lilikokuwa.

Zirkoni ni chache kwenye basalti, kwa hiyo hapa umri ulipatikana pia kwa madini mengine, monazaiti na titanaiti. Kila moja hufunga saa yake kwenye joto tofauti, na ukiziweka pamoja unapata safari: jiwe lilikuwa chini lini, na lilipoa kwa haraka kiasi gani lilipokuwa likirudi.

Jumamosi, Dodoma

Mtera, kisha uwanda, kisha vilima vya itale. Tuko kwenye kratoni. Dodoma ndiko iliko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, na ramani zake za robo digrii tumekuwa tukizitumia kila siku tangu Morogoro. Nyingine zilichorwa na watu waliotembea kwa miguu na dira, kabla ya kupimwa umri wa hata jiwe moja katika karatasi hizo. Mipaka mingi waliyoichora bado inasimama. Nawaheshimu mno.

Katika eneo hili la kati, watafiti wamepata zirkoni za zaidi ya miaka bilioni 3 ndani ya miamba tabaka ya kale. Miamba iliyozizaa zirkoni hizo haijulikani iko wapi. Huenda ilishaliwa yote na mmomonyoko. Zimebaki punje.

Jumapili, njiani kupitia Singida na Nzega

Itale, itale, itale. Hatukusimama sana. Mwanafunzi alilala nusu ya njia, naye alistahili.

Jumatatu, Mwadui

Tuliingia kwa ruhusa ya mgodi. Mwanajiolojia John Williamson aligundua kimberlaiti hii, mwamba wa volkeno unaobeba almasi, mwaka 1940, na kwa eneo la juu, karibu hekta 146, ni miongoni mwa kubwa zilizowahi kuchimbwa. Mwaka 1947 ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo alizawadiwa Malkia Elizabeth, wakati huo binti mfalme, ikiwa bado haijakatwa.

Kwangu Mwadui ni mahali pazuri kuliko pote pa kufundishia swali la umri upi. Bomba la kimberlaiti lilipasua kratoni takriban miaka milioni 50 na kitu iliyopita. Kwa kipimo cha majirani zake ni la juzi. Lakini almasi hazikuzaliwa humo. Kimberlaiti ilizibeba tu kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, na katika migodi mingi ya dunia almasi zimepimwa zikawa na umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, nyingine bilioni 3. Almasi yenyewe haipimiki kwa njia hii, ni kaboni. Kinachopimwa ni uchafu ulionaswa ndani yake, punje ya garneti au ya salfaidi, ile ambayo sonara huiona kasoro na huishushia almasi bei. Jiwe safi kabisa haliwezi kutuambia lilizaliwa lini.

Kusini-magharibi zaidi, mkoani Tabora, viko vilima vya Igwisi, kimberlaiti iliyomwagika juu ya ardhi mwishoni mwa enzi ya barafu, changa kuliko zote zinazojulikana. Barabara haikuturuhusu safari hii.

Jumanne, Mwanza

Mawe ya Mwanza yamepangana juu ya ziwa kana kwamba mtu aliyaweka. Itale hii ilipoa karibu miaka bilioni 2.6 hadi 2.7 iliyopita, chini sana ardhini. Maumbo ya mviringo ni kazi ya maji na hewa ya baadaye sana.

Tulichagua mwamba wenye kitu nilichotaka mwanafunzi wangu akione: kipande cheusi, chenye ncha kali, kimezungukwa kila upande na itale. Nilimwachia. Alikizunguka, akapiga lenzi, akachora mpaka wake kwenye daftari.

"Cheusi kilikuwepo kwanza. Itale ilikuja ikiwa imeyeyuka ikakimeza."

"Umri wake?"

"Zaidi ya wa itale. Ni kiasi gani zaidi, mpaka tupime."

Sawasawa. Upande wa Geita kuna mikanda ya mawe ya kijani, lava za kale zenye dhahabu, ambazo sehemu yake ni kongwe kuliko itale za kratoni. Inawezekana kipande hiki ni jamaa yao. Zirkoni zitatoa umri, na hafniamu iliyomo ndani ya zirkoni hizohizo itatuambia kama magma iliyozaa itale ilitoka moja kwa moja kwenye vazi la dunia, tabaka lililo chini ya ukoko, au ilikuwa ukoko mkongwe ulioyeyushwa tena.

Usiku tumepanga sampuli kwenye masanduku na kuzikagua na daftari. Sampuli zangu bado hupimwa nje ya nchi, na kila ninapojaza fomu za kibali cha kuzisafirisha nawaza kuhusu maabara ya leza hapahapa nyumbani, na vijana wakiwa kwenye viti vya hadubini. Nimeiandika hoja hiyo mara nyingi na nitaiandika tena.

Tumekubaliana mpangilio wa kuponda. Kidodi kwanza, kwa sababu ina punje nyingi za kuchagua na swali lake ndilo gumu. Kisha naisi ya Mikumi, ili tujue maganda yake yanafananaje kabla ya kuyatafuta kwenye mchanga. Itale ya Mwanza itafuata, na kile kipande cheusi kitapondwa peke yake, kwa vyombo vilivyosafishwa upya, isije ikaingia hata punje moja ya jirani yake.